Tulivyomwombea Mpinzani

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka langu, mtaa wa yadi za meli hapa kisiwani Yeongdo, kwenye ulingo wa mbao mpana kama kitanda. Marehemu mume wangu aliupigilia misumari akisema utakuwa wa kupangia mboga. Mboga haijawahi kulala pale hata siku moja. Wanaolala ni wanaume. Mimi ni Mama Gyuri. Nauza glavu, vijiti vya kuchomelea vyuma, tambi za ramyeon, na kahawa ya pakiti, ile yenye maziwa na sukari yake humo humo ndani, na kwa kuwa birika ni langu na maji ni yangu, nimejipa haki ya kusema ninachotaka juu ya kila anayekaa hapo. Asubuhi hiyo upepo wa mwezi wa tatu ulikuwa unachuna masikio. Chelezoni kulikuwa na meli moja tu, nyundo za kubandua kutu zikilia mojamoja. Juu ya mlango wangu kulining'inia samaki mkavu aliyefungwa uzi mweupe, kama tunavyofunga samaki mtu anaponunua gari jipya ili apate heri, ila huyu alifungwa kwa kazi nyingine. Alifungwa kumwombea mpinzani wetu ajitokeze. Na chini ya kaunta yangu kulikuwa na begi ambalo wanaume wale hawakulijua.

– Bado, – alisema Profesa, simu imemgusa pua.

Profesa hajawahi kufundisha hata kuku. Alikuwa karani wa chumba cha michoro pale yadini mpaka alipostaafu, ila gazeti hulisoma mpaka matangazo ya vifo. Sasa alikuwa amefungua tovuti ya manunuzi ya serikali na anaisugua kwa kidole.

– Bado nini? – aliuliza Amiri.

– Bado hawajafungua maombi.

– Si walisema asubuhi?

– Asubuhi ya serikali, kaka. Siyo ya jogoo.

Amiri naye alipika wali kwenye manowari miaka ishirini, akashuka na cheo alichojipa mwenyewe. Ndiye aliyemfunga samaki.

– Nimemfunga vizuri yule, – alisema, akimtazama juu. – Kichwa kinaangalia ng'ambo. Lazima aje mtu.

– Kidole kimoja hakivunji chawa! – alidakia Redio. – Na chawa wenyewe ni serikali!

Huyo ni dereva wa teksi. Huliegesha gari lake tairi moja juu ya njia ya miguu, kisha hazimiki mpaka jioni. Methali anazo nyingi, ila huzitumia kama mtu anayefungua soda kwa nyundo.

Wa nne ni Cheche. Jina lake Tak Bong-gu, msimamizi wa wachomeleaji, mikono yake yote miwili ina madoa ya moto mpaka kwenye viwiko. Wenzake walikuwa wamevua viatu na kukunja miguu juu ya ulingo. Yeye alikaa ukingoni na viatu vyake, macho kwenye daraja. Pale mwanzo wa daraja lilisimama basi jeupe lililotoka Pyeongtaek, kule wanakojenga viwanda vya chipu za kompyuta na kulipa zaidi kuliko yadi yoyote ya meli. Wachomeleaji wake wanane walikuwa wamesimama pembeni ya basi na mabegi yao. Walikuwa wanamngoja yeye, yeye anamngoja Profesa, na Profesa anaingoja serikali.

Sheria ya manunuzi ya nchi yetu ina maringo kama mama mwenye binti mmoja. Mposaji akija peke yake, binti hatolewi. Lazima waje wawili washindane. Meli hii ya utafiti, ya kwenda kupasua barafu huko ncha za dunia, ilishatangazwa mara mbili. Mara ya kwanza hakutokea mtu. Mara ya pili ilitokea yadi yetu peke yake, imevaa suti na viatu vimeng'aa, ikarudishwa mlangoni. Leo ilikuwa mara ya tatu, na ilisemekana ikianguka tena Wizara inalirudisha fungu lake na meli inabaki kulala kwenye karatasi. Yadi haikuwa na kazi nyingine ya maana. Bosi alikuwa amemwahidi Cheche kwamba meli ikipatikana, watu wake wote wanarudi kazini. Cheche akawaambia watu wake hivi: waombaji wakiwa wawili, msipande basi; akiwa mmoja, pandeni mwende.

– Cheche, kunywa kahawa yako, inapoa, – nilimwambia.

– Nakunywa, mama.

Hakunywa. Alikuwa anaikoroga tu kwa ile pakiti tupu, anakoroga na kukoroga, sukari ilishayeyuka tangu zamani.

Kusema kweli begi lile lilikuwa linaniwasha chini ya kaunta. Mke wa Cheche, Mama Eunsol, alilileta alfajiri wakati nafungua duka, lina nguo za mumewe za safari. Alinikabidhi akasema: “Nikimpa mimi atasusa. Atasema namfukuza. Wewe ukiona imefaa, mpe.” Mara mbili tenda ilianguka, na mara mbili Cheche aliwazuia watu wake wasiende popote, naye mwenyewe hakwenda. Tangu sikukuu ya mavuno alikuwa hajashika kazi ya kueleweka.

– Nyie mnajua kwa nini yadi nyingine zinaikimbia? – alianza Redio. – Abiria wangu mmoja kanipa siri. Ile meli ina tundu.

– Tundu gani?

– Tundu! Katikati! Limechorwa makusudi, linatoka juu mpaka chini, unaona maji.

– Ni kisima cha kuteremshia vyombo vya utafiti, – alisema Profesa bila kuinua macho. – Pembeni kuna barafu, utavishushia wapi?

– Kisima! Si umesikia? Mchimba kisima huingia mwenyewe! Ndiyo maana wakubwa wamekaa pembeni.

– Miaka ishirini baharini, – alisema Amiri kwa uchungu, – tunafundishwa kuziba matundu. Leo serikali inayanunua.

– Hebu acheni, – nikasema. – Wewe Amiri, tundu pekee ulilowahi kuziba ni mdomo wa baharia, tena kwa wali.

Redio alicheka mpaka akamwaga kahawa. Cheche hakucheka. Kule darajani dereva wa basi alishuka, akazunguka akipiga matairi teke moja moja. Nilijua maana yake. Mtu aliyeridhika kungoja hapigi matairi teke.

– Tatizo siyo tundu, – Amiri aliendelea, maana huyu ukimtania ndiyo unamtia mafuta. – Tatizo ni matako. Wanataka ivunje barafu ikienda mbele, halafu ivunje tena ikirudi nyuma. Meli ya heshima ina uso na ina mgongo. Hii ina nyuso mbili kama shemeji yangu. Nani mwenye akili atajenga hiyo?

– Sisi, – alisema Cheche.

Ndilo neno lake la kwanza juu ya meli tangu akae. Wote tukamgeukia, lakini alikuwa amesharudisha macho darajani.

– Profesa, – alisema Amiri polepole, – bado?

– Bado.

– Labda mtandao wako mbovu.

– Mtandao mzima. Mbovu ni bei. Bei ya juu kabisa waliyoiweka waliipigia hesabu kabla chuma hakijapanda. Halafu ukichelewa kukabidhi, faini kila siku. Halafu chuma chenyewe siyo hiki cha sufuria. Ni kinene, na lazima kistahimili baridi bila kupasuka kama kioo. Kwa hiyo mimi nadharia yangu ni hii. – Hapo alivua miwani, na Profesa akivua miwani, ujue ameacha gazeti na kuingia porini. – Yadi kubwa zinasubiri barafu iyeyuke.

– Iyeyuke?

– Si inayeyuka? Kila mwaka inapungua. Sasa wewe kwa nini ujitwishe meli ya kupasua barafu, wakati ukivumilia kidogo barafu yenyewe itakuwa imekwisha? Mvumilivu hula mbivu. Watakuja kuomba wakati ambapo hata boti ya kuvulia ngisi inafika huko.

– Na watafiti watatafiti nini?

– Maji.

– Hapana, hapana, hapana, – Redio alisimama juu ya ulingo na soksi zake zenye kidole nje. – Nyie mnacheza. Hii kitu ni kubwa. Yadi zimeambiwa zinyamaze.

– Na nani? Na penguini?

– Cheka tu, Mama Gyuri. Kuna mkubwa, sitaji jina, anataka kuchimba ile barafu ya kale aikate vipande aiuze. Barafu ya miaka laki! Unaitia kwenye soju, glasi moja bei ya friji. Sasa meli ya serikali ikienda kule itamwona. Hataki ionekane. Kwa hiyo anazipigia simu yadi zote: ukiomba hiyo tenda, hupati soju.

– Ndiyo maana yetu iliomba, – alisema Amiri. – Bosi wetu mlokole, hanywi.

Hata mimi nilicheka. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi, kila mtu akakikata mwenyewe na kumtazama Profesa, naye akatikisa kichwa. Dereva wa basi alikuwa amefungua mlango wa mizigo. Nilimwona mchomeleaji mmoja akiweka begi lake ndani, kisha akalitoa tena, akalikumbatia.

Wakati huo ndipo lilipokuja basi la mtaa, akashuka mama mmoja wa makamo aliyevaa koti la zambarau, na mzigo wa mwani mkavu umefungwa kwa kitambaa. Alikuwa anakwenda kwa dada yake kule juu kilimani, akaona ngazi zilivyo ndefu, akaomba apumzike. Nikampa kahawa. Alikaa kwenye pembe ya ulingo, akavua viatu vyake vizuri akavipanga, akasikiliza. Hakuna aliyemjali. Watu wa kijiwe wakishika mada hata jini akikaa katikati yao watamwambia asogee kidogo.

– Nimepata, – alisema Amiri. – Tunataka mwombaji wa pili, sivyo? Sheria imesema wawili. Haikusema wote wawili wajue kujenga. Sasa sisi hapa tuna nini? Tuna duka la vifaa. Tuna karani wa michoro. Tuna usafiri, – alimwonyesha Redio, – na uongozi wa kijeshi, – akajionyesha mwenyewe. – Tunasajili kampuni leo. Viwanda Vizito vya Kijiwe. Mama Gyuri mkurugenzi.

– Mshahara?

– Ramyeon.

– Watu wanafungwa jela kwa hilo, – alisema Profesa. – Mwombaji wa kusindikiza ni kosa. Wapelelezi wanakuja na makoti meusi wanabeba kompyuta kwenye maboksi.

– Hapa watabeba birika.

– Bora jela kuliko kukaa hivi! – Redio aliruka. – Heri nusu shari kuliko shari kamili! Yaani mimi sijawahi kuona. Watu wengine wanamwogopa mshindani, sisi tunamfungia samaki mlangoni. Njoo adui, njoo utugombanie! Na haji!

– Atakuja, – alisema Cheche.

– Eh?

– Nimesema atakuja. Ng'ambo wataomba.

Ng'ambo ni ile yadi ya upande wa pili wa ghuba. Ukisimama juu ya ulingo wetu unaiona winchi yao ya njano. Tangu nikiwa msichana nimefundishwa kuichukia winchi hiyo.

– Wewe unajuaje? – aliuliza Profesa.

Cheche aliizungusha pakiti kikombeni.

– Nilikwenda.

– Ulikwenda wapi?

– Kwa shemeji yangu Pyo. Si ndiye msimamizi wa wachomeleaji kule. Nilichukua soju na samaki mbichi, tukakaa kwake. Nikamuuliza, nyie mbona hamuombi? Akaniambia bosi wao anasema ile meli ni hasara tupu. Pua yake ni chuma kinene mno, wakichomelea kinapasuka kikipoa, wanakata, wanarudia, kinapasuka tena. Ukirudia rudia hivyo faini ya kuchelewa inakumaliza. Basi nikamwambia hakipasuki.

– Ukamwambia tu hakipasuki?

– Nikamwambia kwa nini.

Redio alikaa chini.

– Kaka Tak, – alisema Profesa taratibu, – ulimwambia yote?

– Sasa ningemwambia nusu angeamini? – Sauti ya Cheche ilipanda. – Sisi tumekaa na kile chuma majira mawili mazima ya baridi tunakijaribu. Nikamwambia unakipasha moto kwanza, unapita kidogo kidogo, usiwe na papara, na ukimaliza usikiache kipigwe na upepo, kifunike mablanketi kama mzazi, kipoe chenyewe. Nikamchorea. Akaenda kumwambia bosi wake. Juzi kanipigia, anasema bosi kaita mkutano.

Amiri alimtazama kwa muda, kisha akapiga kofi ulingo mpaka vikombe vikaruka.

– Mwanaume huyu! – alisema. – Mimi nafunga samaki, yeye anakwenda kumleta adui kwa mkono! Hongera, kaka!

– Umetuokoa, – alisema Redio. – Bila wao sisi siyo kitu. Adui yako ndiye ndugu yako!

– Hiyo siyo methali, – nikasema.

– Itakuwa.

Nilimwona Cheche anatabasamu kwa mbali, tabasamu la mtu aliyebeba kitu kizito peke yake na sasa amepata wa kumshika upande mmoja. Nikafurahi naye. Kwa ubinafsi wangu nilitaka abaki, tena wabaki wote, maana glavu zangu zinanunuliwa na wao, na mtaa huu bila wachomeleaji ni nyundo mbili tatu na paka. Begi nikalisukuma kwa mguu, likaingia ndani zaidi.

– Wamefungua, – alisema Profesa.

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayesoma jina kwenye mlango wa wodi.

– Soma!

– Inazunguka. Ngoja. Inazunguka.

– Soma bwana!

– Waombaji... – Midomo yake ilitembea bila sauti. – Wawili. Wawili! Yetu na ng'ambo! Tenda haijaanguka!

Basi hapo sijui nieleze nini. Amiri alimkumbatia Redio, Redio akakimbia bila viatu mpaka kwenye teksi yake akapiga honi mpaka paka wakahama. Profesa alikuwa analia, anafuta miwani badala ya macho. Amiri alipanda juu ya kreti akambusu yule samaki mkavu mdomoni. Kwetu husemwa kwamba mwenye keki hajafikiria kukupa, wewe umeshakunywa supu ya kimchi, ile kabichi yetu chachu, ya kuiteremshia. Lakini siku ile hata mimi niliinywa, tena bakuli zima.

Cheche alikuwa ameshapiga simu.

– Ran! – alimwita Hwangbo Ran, msaidizi wake, yule mwanamke ambaye mama yake alikuwa mpiga nyundo wa kutu hapa hapa. – Ran, shukeni! Wawili! Nimesema wawili! Toeni mabegi!

Kutoka dukani tuliwaona. Waliokuwa wameshapanda walishuka, mabegi yakatolewa, watu wakarukaruka barabarani kama watoto. Dereva alikuwa anarusha mikono.

Ndipo yule mama wa koti la zambarau, ambaye alikuwa amemaliza kahawa yake na kukunja pakiti ndogo ndogo na kuitia ndani ya kikombe, akauliza. Aliuliza kwa adabu kabisa, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi.

– Samahanini. Na hao wengine wakishinda?

– Wengine gani, dada? – alisema Amiri, bado anacheka.

– Hao wa ng'ambo. Si nao wameomba? Wakishinda wao?

Amiri aliacha kucheka. Akamtazama Profesa, Profesa akaitazama simu, akaisugua kwa kidole kana kwamba tovuti ya serikali itampa jibu. Redio alikuwa anarudi kutoka kwenye teksi.

– Mchimba ki... – alianza, akaishia hapo. Miaka yote niliyomjua, ndiyo mara ya kwanza methali yake ilipata mahali pake, na hakuimaliza.

Maana tulikuwa tumesahau. Mara mbili tulirudishwa kwa kukosa mpinzani, tukamtaka mpinzani, tukamlilia, tukamfungia samaki, mpaka kupata mpinzani kukawa ndiyo kushinda. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba mpinzani akija, anakuja kushindana. Na huyu wetu alikuja na siri ya pua ya meli mkononi, tuliyompa wenyewe, imechorwa vizuri.

Nilimtazama Cheche. Uso ulikuwa umemshuka kama kitu kilichokatwa kamba. Kilichoniuma ni kwamba hakumkasirikia yule mama. Aliinamisha kichwa kidogo, kama unavyomwinamia mtu aliyekuambia tairi yako haina upepo.

– Bosi alisemaje hasa? – nilimuuliza. – Tenda isipoanguka, au mkipata meli?

– Tukipata, – alisema.

Simu yake ikalia. Aliiweka juu ya ulingo, sauti nje.

– Kaka Tak, – ilikuwa sauti ya Ran, kelele za magari nyuma yake. – Tumeshashusha kila kitu. Dereva kachafukwa. Kuna vijana wa yadi ya chini hapa wanavitaka viti vyetu, anasema hawezi kurudi huku tena mwezi huu. Nimwambie awape?

Cheche aliitazama ile winchi ya njano.

– Kaka? Wawili, si ndiyo? Ulisema wakiwa wawili tunabaki. Nimwambie aende?

Aliinua macho akatutazama mmoja mmoja. Sisi tulioongea tangu asubuhi, tulioijua meli mpaka matako yake, tulioijua barafu na soju na penguini. Amiri alikuwa anavuta uzi kwenye soksi yake. Profesa alikuwa anaangalia chini. Redio alikuwa amezimika. Mimi nilitaka kusema kitu, lakini kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la kulifaa duka langu, kwa hiyo nikafuta kaunta.

– Ran, – alisema Cheche. – Rudini ndani.

– Eh?

– Rudini ndani ya basi. Wote.

– Kaka, si umesema...

– Nimesema wawili, na ni wawili. Nilikosea kuwaambia mkae kwa ajili hiyo. Pandeni, Ran. Usiwaachie viti.

– Na wewe?

Alikata simu. Akakaa pale pale ukingoni, viatu miguuni, akakisukuma mbele kile kikombe chake cha kahawa baridi.

– Mama Gyuri, – alisema, – nipe nyingine. Ya moto.

Nilijua. Angeinywa hiyo, na baada yake nyingine. Angekaa hapo kwenye ulingo wa mume wangu mpaka matokeo, na matokeo yakichelewa angekaa zaidi, anaitazama winchi ya njano, na mtu hawezi kumwambia kitu kwa sababu kahawa ipo na birika linachemka. Ningempa kila siku. Ningefurahi kumpa. Hilo ndilo lililonitisha.

– Kahawa imekwisha, – nikasema.

– Imekwisha?

– Imekwisha.

– Na lile boksi nyuma yako?

– Tupu.

Amiri alisema: – Si umelifungua leo asu... – nikamtazama. Akarudi kwenye soksi yake.

Niliinama chini ya kaunta nikalivuta begi, nikalitoa nje, nikaliweka juu ya ulingo mbele yake. Mkanda wake ulikuwa umeshonwa upya kwa uzi mwekundu, na kupitia zipu ulisikia harufu ya kimchi. Cheche alilitambua kabla sijaondoa mkono.

– Nani kalileta?

– Aliyekuvumilia tangu sikukuu ya mavuno. Anasema dawa ya mgongo iko mfuko wa pembeni.

Aligusa ule uzi mwekundu kwa kidole chake chenye madoa.

– Na meli ikija kwetu, mama?

– Pyeongtaek kuna simu. Tutakuita.

– Na ikienda kwa Pyo?

Nikachukua kikombe chake nikaimwaga ile kahawa baridi mtaroni, mbele ya macho yake, nikakipondaponda kile kikombe cha karatasi kwa mkono.

– Nimekwambia imekwisha, – nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya kuliko nilivyotaka. – Hapa ni dukani. Kama hununui, ondoka.

Alisimama. Alinitazama kama vile nimempiga kofi, na pengine ndivyo. Kisha akanyakua begi akaanza kutembea, halafu kutembea kukawa mwendo wa haraka, halafu tukamwona anakimbia, mzee mzima na magoti yake ya kupiga magoti kwenye vyuma, begi linampiga ubavuni. Redio alipiga honi mfululizo ili dereva wa basi ageuke. Mlango ulikuwa unafungwa, ukafunguka nusu, mkono ukatoka, nadhani wa Ran, ukamvuta kwa mkanda wa begi. Ule mshono wa mkewe haukukatika.

Basi likapanda daraja, likaenda.

Yule mama wa koti la zambarau alivaa viatu vyake, akashukuru kwa kahawa, akaomba radhi kama amesema vibaya. Nikamwambia hakusema vibaya. Akabeba mwani wake akaanza ngazi.

Wale watatu walikaa bila kuongea, jambo ambalo halijawahi kutokea pale tangu ulingo upigiliwe. Nikaingia dukani, nikachukua boksi lile lililojaa, nikachana pakiti tatu. Profesa alikoroga yake kwa pakiti tupu, akauliza bila kumuuliza mtu:

– Matokeo ni mwezi wa tano. Sasa tukishinda, nani atachomelea?

Amiri alikuwa amepanda juu ya kreti, mkono kwenye uzi mweupe, hajui aufungue au auache. Samaki alikuwa bado anaangalia ng'ambo.

– Na huyu? – alisema. – Sasa tumwombe nini?

Nikamwambia ashuke anywe kahawa kabla haijapoa.